Pua ya Mwaka Tisini na Sita

10 Juni

Daftari hili kaniletea Diem kutoka Can Tho, anakouza dawa. Kaagiza niandike kila siku hali ya pua yangu: nyekundu au si nyekundu, inauma au haiumi. "Andika tu, Mama, daktari atataka kuona." Mwanangu ana miaka ishirini na minne na ananiamuru kama mama mkwe. Haya, naandika. Leo nyekundu kidogo kwenye ncha. Haiumi. Mvua imeanza saa nane mchana, na paa la stoo ya mavazi linavuja palepale linapovuja kila mwaka.

11 Juni

Nyekundu kidogo. Mvua.

12 Juni

Vilevile.

15 Juni

Nimechoka kuandika "vilevile". Kama daftari ni la pua, basi acha niieleze pua yenyewe.

Nina miaka hamsini. Tangu nikiwa na kumi na sita naimba michezo ya kale jukwaani katika kundi la Mzee Bay hapa Sa Dec, tukizunguka mahekalu ya vijijini. Mwaka tisini na sita Mzee Bay, wakati huo nywele zake bado nyeusi, alinitazama kutoka kiti cha mwisho na kusema, "Thoa, una sauti ya malkia na pua ya muuza samaki." Hakusema kwa ubaya. Chini ya taa zetu pua bapa inapotea. Watu wa nyuma wanaona macho mawili na mdomo, basi. Kwa hiyo nikawekewa mwamba wa pua wa bandia chini ya ngozi, na tangu hapo mimi ndiye jemadari wa kike: bendera nne mgongoni, manyoya marefu kichwani, mjeledi mkononi, na farasi asiyeonekana ninayempanda kwa goti bovu. Niliacha miaka sita nikaolewa, nikamzaa Diem, nikaachika, nikarudi. Pua ilinisubiri vizuri.

Sasa ngozi ya ncha imekuwa nyembamba. Ukisimama karibu na balbu unaona kitu cheupe chini yake. Diem alikiona mwezi uliopita tukila, akaweka vijiti vyake mezani na hakuvishika tena.

20 Juni

Onyesho hekaluni Lai Vung. Wazee wamelala mstari wa mbele, wamepiga makofi kwa kushtuka.

Nimecheka leo na Bi Chin. Ndiye anayetupaka rangi sisi sote, na mimi hunipaka wa kwanza. Kabla ya poda ananiwekea kidole cha shahada kwenye ncha ya pua na kukiacha hapo, kimya. Halafu anagusa shavu, halafu pua tena. Hivyo ndivyo anavyofanya kila siku ya onyesho tangu niliporudi.

"Bi Chin, unanibonyeza kama papai sokoni."

"Tulia weye. Poda haikai juu ya jasho."

Ana miaka sitini na moja. Zamani naye aliimba, tena aliimba kunizidi, sioni haya kuandika hivyo. Mwaka tisini na tisa, wakati mimi niko kwa mume, alianguka na pikipiki akavunja pua. Tangu hapo havui barakoa, na chakula anakula ameupa ukuta uso. Mie humuona ana maringo kidogo. Wangapi wameanguka na pikipiki na wanakula nasi?

27 Juni

Can Tho. Diem kanipeleka kwa daktari Quyen, mwanamke mfupi wa miaka arobaini hivi, mwenye sauti ya chini. Kanibonyeza, kanimulika, kauliza:

"Humu ndani kuna nini, Mama?"

"Silikoni."

"Silikoni ipi? Kuna ya hospitali, na kuna ya kila kitu kingine duniani. Una karatasi yoyote?"

"Karatasi! Niliwekewa chumba cha nyuma cha saluni, daktari. Yule mwanamke alikuja na mkoba, akaondoka na mkoba."

Diem akafunga macho. Daktari hakucheka wala hakunigombeza, nikampenda kwa hilo. Alisema kitu kile lazima kitoke kabla hakijatoboa ngozi, tena ndani ya wiki mbili. Swali ni kiingie nini mahali pake, au kisiingie chochote.

Akaniletea trei. Kipande kipya cha silikoni, laini, cha kupendeza. "Hiki ni salama kwa mtu mwenye ngozi nzito. Kwako, miaka miwili tu tutakuwa hapa tena." Akanionyesha utando mweupe wa kiwandani, mwili unauzoea mpaka unashikana nao, ila siku ukioza kuutoa ni vita. Akagusa sikio langu kwa nyuma. "Hapa ninapata gegedu, ule mfupa laini unaokunjika. Ni kidogo. Linatosha kukinga ncha, mwamba halifikishi." Halafu akagusa ubavu wangu, chini ya titi la kulia. "Na hapa ninapata la kutosha pua tatu."

"Ungekuwa mama yako?"

"Ubavu wake mwenyewe. Mwili haugombani na kitu chake. Au ubavu wa mtu aliyefariki, aliyeutoa kwa hiari angali hai, tunao, umepimwa na kuuliwa vijidudu kwa mionzi. Ila huo miaka ikipita unaweza kuliwa na mwili ukapungua."

"Na huu wangu, kovu likishapona, kupumua je?"

"Utauma mwezi, mwezi na nusu. Ukicheka, ukikohoa. Mara chache sana sindano au kisu kinagusa utando wa pafu. Unafanya kazi gani, Mama?"

"Naimba."

Akaweka kalamu chini. "Pumzi ndefu?"

"Mstari wetu mkubwa ni pumzi moja. Unashuka nayo mpaka neno la mwisho, na neno hilo ndilo watu wanalolisubiri. Ukikata katikati, bora ungebaki nyumbani."

Daktari aliifunika ile trei. "Wengi hurudi kama walivyokuwa," alisema. "Siwezi kukuapia kwamba wewe utakuwa mmoja wao."

Nikasema nitafikiri. Njiani mvua ilitupiga kivukoni na Diem alisoma simu yake tu.

1 Julai

Leo Diem kasema yote. Kapiga simu dakika arobaini.

"Ubavu, Mama. Kila mahali wanasema ubavu."

"Kila mahali ni wapi?"

"Nimesoma."

"Waliokuandikia wanaimba?"

"Mama, una miaka hamsini! Utaimba mpaka lini?"

Nikakata simu. Baadaye katuma ujumbe wa kuomba radhi, na chini yake picha ya mbavu. Mwanangu ana moyo mzuri na kichwa cha stoo ya dawa. Lakini swali lake nimebaki nalo siku nzima. Nikitoka na pua bila pumzi, mimi ni sanamu. Nikibaki na pumzi bila pua, Mzee Bay atamtafuta jemadari mwingine. Sijui kufanya kingine chochote. Hata wali ninaupika vibaya.

6 Julai

Nimemweleza Mzee Bay habari ya ubavu wa marehemu, kwa kuwa huo haunigusi kifua. Alikuwa anakunywa kahawa, akaimwaga.

"Marehemu gani? Jina lake nani?"

"Hawasemi majina."

"Hana jina! Mwezi wa saba wa mwandamo, mizimu ikitoka, nani atamwekea sahani? Atakufuata wewe, Thoa, na njaa yake. Na siku ya sikukuu utapiga magoti mbele ya Babu wa Fani na mgeni asiyealikwa katikati ya uso?"

Nilicheka. Halafu nikaenda kuoga, nikajikuta naishika pua kwa vidole viwili na sicheki tena. Nimesoma shule, najua mfupa ni mfupa. Lakini ningeimba kila jioni huku nikifikiria yule marehemu alikuwa akipenda kula nini.

Mzee Bay kaleta kalenda yake yenye siku njema na mbaya. Julai yote tuna maonyesho. Agosti nne mwezi wa saba wa mwandamo unaanza, milango ya kuzimu iko wazi, na mwezi huo hakatwi mtu, hajengi mtu, haoi mtu. Kwa hiyo baada ya sikukuu ya Babu wa Fani, mzimu mlezi wa waimbaji sote, Septemba kumi na nne. "Imekaa miaka ishirini na nane," kasema. "Itashindwa kukaa wiki kumi?"

Nimekubali. Naandika ukweli hapa kwa kuwa Diem atasoma: sikukubali kwa ajili ya mizimu. Niliogopa kuchagua, na kalenda ikanichagulia.

7 Julai

Diem kalia kwenye simu. "Wiki mbili, Mama! Alisema wiki mbili!"

13 Julai

Nyekundu. Haiumi.

22 Julai

Onyesho limeahirishwa, uwanja umejaa maji. Ngan, binti yetu mpya wa miaka ishirini na mitatu, kajaribu bendera zangu mgongoni akidhani sioni. Pua yake imesimama vizuri, kapewa na mama yake bure. Pumzi inamwishia kabla ya neno la mwisho kila mara. Nilitaka kumfundisha mahali pa kuiba hewa, nikanyamaza. Hilo si jambo la kujivunia.

30 Julai

Ngan kaingia nyuma ya jukwaa na tunda la thi mkobani, kitu ambacho kila mtu wa jukwaa anajua ni mwiko, eti harufu yake humvuta Babu aliache jukwaa. Mzee Bay kamfukuza nalo mpaka barabarani. Tunda lenyewe lilinukia vizuri, kusema kweli.

4 Agosti

Mwezi wa saba. Maji ya mto yamegeuka rangi ya udongo na yanapanda. Tumemwaga uji na chumvi langoni kwa ajili ya wasio na wa kuwalisha. Bi Chin kamwaga wake peke yake, kando, muda mrefu.

9 Agosti

Inauma kidogo asubuhi.

10 Agosti

Inauma kidogo. Mvua.

12 Agosti

Vilevile. Nimechoka na mvua, nimechoka na pua, nimechoka na daftari.

17 Agosti

Nitaandika yote, hata kama mkono unakataa.

Leo tulikuwa na onyesho la mwezi mpevu kwenye hekalu la watawa. Saa tisa mchana nimekaa kwenye kiti cha kupakwa rangi, mvua inapiga mabati. Bi Chin kaweka kidole. Kagusa shavu. Karudi puani. Kagusa shavu la pili. Kidole kikabaki puani mpaka nikafungua macho.

"Ya moto," alisema.

"Joto la balbu, Bi Chin."

"Nimeijua pua hii miaka kumi na tisa. Haijawahi kuwa ya moto. Thoa, nenda Can Tho kesho."

"Mwezi wa saba?"

"Achana na mwezi wa saba!"

Hajawahi kunipigia kelele. Ngan alikuwa pale anavaa soksi, akatoka bila kuambiwa. Bi Chin kafunga mlango, kasimama mbele ya kioo, akavua barakoa.

Sijawahi kuiona sura hiyo tangu ilipokuwa nzuri. Pua imejikunja juu, fupi, matundu yake yanatazama mbele, na kovu limeivuta ncha kama kitambaa kilichoshonwa vibaya. Niliangalia sakafu. Alinishika kidevu akakiinua.

"Tazama. Hakuna pikipiki. Hii ni pua ya mwaka tisini na sita."

Yule mwanamke wa mkoba alikata vipande viwili kutoka bonge moja. Hilo nililijua nikalisahau: Bi Chin alitangulia wiki moja kabla yangu, kwa sababu mimi niliogopa. Alisema, "Naanza mie, ukiona sijafa, ufuate." Alinishika mkono siku yangu, na trei aliishika kwa mkono mwingine. Mwaka tisini na tisa yake ikapata moto, ikatoboka, hospitali wakaitoa. Daktari wa huko akamuuliza kitu gani hiki. Bi Chin akamtafuta yule mwanamke mpaka akampata. Bonge lilikuwa mpira wa silikoni wa kuzibia mitambo ya kiwanda cha barafu. Kaka wa yule mwanamke alikuwa fundi wa huko.

"Kwa nini hukuniambia?" Nadhani nilisema kwa sauti ndogo. Labda nilipiga kelele. Mvua ilikuwa kubwa.

"Ulikuwa na mimba. Halafu yako ilikuwa imetulia, nzuri, kila mtu anaisifu. Nikikwambia, utaitoa, na wakati ule kuitoa ilikuwa kuwa hivi. Nikasema nitaingoja. Uliporudi kwenye kundi nikaomba kazi ya kupaka rangi."

"Ulikuwa unaimba kunizidi! Ungeweza kurudi kuimba!"

"Na nani angekushika pua kila siku?"

Nikamrushia kopo la poda. Ndivyo ilivyokuwa, naandika. Likampata begani, poda ikajaa chumba kizima, tukakohoa wote wawili. Halafu akarudisha barakoa, akachukua brashi, akanipaka uso. Nikaenda nikaimba. Sikumbuki nini.

18 Agosti

Nimemkasirikia. Miaka kumi na tisa nimecheka na kiwanda cha barafu usoni na yeye anajua.

19 Agosti

Bado. Kisha namkumbuka akila ameupa ukuta uso, na mimi nikisema maringo. Hasira inanitoka nusu, nusu inabaki. Nimempigia Diem. "Naja kesho," nimesema. Hakuuliza mwezi gani.

20 Agosti

Kwenye basi la Can Tho. Bi Chin kaja na kikapu chake, hakualikwa, kakaa kiti cha nyuma yangu. Mzee Bay kagoma kunisindikiza, ila kanipa kitambaa chekundu nifunge mkononi ili mizimu isinione.

21 Agosti

Hospitali tupu. Daktari Quyen kasema mwezi huu wa mwandamo hata mfagizi anasinzia, kwa hiyo chumba nimechagua mwenyewe.

Kabla ya dawa kakaa kitandani kwangu. "Nikikuta usaha, natoa, naosha, nafunga, siweki kitu. Tutangoja miezi sita. Nikikuta pasafi, tuamue sasa: ubavu au sikio?"

Diem alikuwa kasimama mlangoni. Alinitazama, nikamtazama. Nilidhani ataanza tena. Macho yake yalikuwa mekundu, na nikaona jinsi alivyokonda tangu Juni, kitu ambacho mtu anayeandika kila siku kuhusu pua yake mwenyewe hakukiona.

"Sikio," nilisema.

"Mwamba utakuwa chini, Mama," kasema daktari. "Karibu na ulivyozaliwa. Utavumilia?"

"Sijui. Lakini pumzi sitoi."

Diem kaja akanifungua saa ya mkononi, akaacha kile kitambaa chekundu. "Sikio basi," alisema. "Una masikio makubwa, utabaki nayo."

Nilipoamka nilikuwa na bandeji puani na sikioni, na kinywa kikavu. Daktari alikuwa na kichupa. Ndani yake kipande cha manjano, kinene upande mmoja, na alama za kisu zinaonekana kabisa. Hapakuwa na usaha. "Siku tatu nne zaidi, tungekuwa na habari nyingine," alisema. "Nani aligundua joto?"

Nilinyoosha kidole mlangoni. Bi Chin alikuwa koridoni, kikapu magotini, barakoa usoni, anatazama sakafu. Niliomba aingie. Kaja, kanitazama, halafu kaweka kidole cha shahada kwenye shavu langu, maana pua ilikuwa imefungwa.

"Poa," alisema.

Hasira ile nusu iliyobaki, sijui imekwenda wapi.

24 Agosti

Nakatazwa mchicha wa majini, nyama ya ng'ombe, kuku, mayai na wali wa kunata, eti kovu litavimba. Daktari kasema huo ni uongo mtupu. Diem, msomaji wetu mkubwa, ndiye anayenikataza.

28 Agosti

Wamenitoa bandeji. Nimeona kwenye kioo pua ya baba yangu, muuza samaki kweli, Mungu amrehemu. Iko chini, pana, imevimba, na ncha ni nzima. Daktari kafurahi. Mimi nimelia, na sikulia kwa furaha. Miaka ishirini na nane nilikuwa mtu mwingine na nilimpenda yule mtu. Kuimba mwiko wiki sita.

Bi Chin alikuja tena. Daktari alimuomba avue barakoa, nikadhani atakataa. Akavua. Daktari alimgusa kwa utaratibu, pande zote. "Inatengenezeka, Bibi. Si kwa sikio lakini. Ngozi imejivuta sana, inahitaji mti wa kuishikilia. Ni ubavu tu."

"Ubavu ninao," kasema Bi Chin. "Wangu siuimbii chochote. Chukua."

Wamempangia tarehe, Oktoba saba. Njiani kivukoni alikuwa akijigusa barakoa kwa nje kila mara.

5 Septemba

Mzee Bay kanitazama kutoka kiti cha mwisho, kama zamani. Kachukua muda. "Malkia mama," alisema mwishowe. "Anakaa kwenye kiti, anahukumu, anaimba kweli. Bendera tumpe Ngan." Alikuwa anatazama pembeni wakati anasema. Nilijua, na imeuma vilevile. Nilimfungia Ngan bendera mgongoni kwa mikono yangu, nikamwonyesha mahali pa kuiba hewa, kati ya neno la nne na la tano, pale ngoma inapokufunika. Kanishika mkono hakuuachia.

Samaki wadogo wa mafuriko wamefika, na maua ya manjano ya kupikia nao. Bi Chin kapika mchuzi. Kala ameupa ukuta uso, lakini kiti amekisogeza.

11 Septemba

Si nyekundu. Haiumi.

14 Septemba

Sikukuu ya Babu wa Fani. Asubuhi njema, mvua imetuachia. Nguruwe wa kuchoma mezani, udi, matunda, wazee wa makundi ya jirani wamekuja na mashati meupe. Kila mwimbaji anapiga magoti mbele ya meza na kumpa Babu mstari mmoja mkubwa, kwa zamu ya umri kwenye kundi. Zamu ya mtu haiachwi wazi. Mgonjwa anamtoa mtu wa kumwimbia.

Mzee Bay kaita, "Thoa."

Nikasimama, nikasema, "Namtoa Bi Chin."

Bi Chin alikuwa mlangoni na kopo la poda. Katikisa kichwa.

"Sijaimba miaka ishirini na tano."

"Uongo," nilisema. "Unaimba ukifua mavazi. Nakusikia."

"Thoa, mbele ya Babu haifunikwi sura."

"Ndiyo."

Alinitazama kwa chuki safi, nadhani, kwa muda kidogo. Mimi nilikuwa nimekaa pale mbele ya watu wote na pua yangu ya muuza samaki, bila hata poda. Kaja polepole. Kapiga magoti. Kavua barakoa, kaikunja mara mbili, kaiweka chini kando ya goti. Mtu mmoja nyuma alivuta pumzi, na Mzee Bay akageuka akamtazama mpaka akainamisha kichwa.

Halafu akaimba.

Mwanzo sauti ilikwaruza. Neno la tatu ikafunguka. Ni ya chini zaidi kuliko zamani, na kwa sababu ya ile pua ina mtetemo fulani ambao hakuna kati yetu anao. Kafika neno la nne, la tano, ngoma ikamfunika, na hakuiba hewa. Kashuka nayo yote, pumzi moja, bila haraka, mpaka kwenye neno la mwisho, na hapo akalikalisha kama mtu anayemlaza mtoto. Ngan alisahau kufunga mdomo. Mzee Bay, ambaye sikumbuki kumuona akipiga makofi mbele ya meza ile, maana si adabu, alipiga makofi.

Chakula kilipopakuliwa, Bi Chin alichukua bakuli lake akaelekea ukutani, kwa mazoea. Akasimama. Akarudi, akakaa mbele yangu, uso kwa uso, akaanza kula nguruwe na kuongea mdomo umejaa. Mzee Bay alishamuuliza kama ataimba sehemu ya malkia mama badala yangu mpaka wiki zangu sita ziishe, na baada ya hapo atamtafutia nafasi yake mwenyewe, hata kama ni ya mchawi.

"Mchawi ana mistari mingi kuliko malkia," nilimwambia.

"Najua. Nimeshaihesabu." Katafuna, kameza. "Thoa, kesho umpigie simu yule daktari wako. Mwambie ahsante sana, Oktoba saba siji."

"Kwa nini? Bi Chin, umeingoja miaka yote hiyo."

"Mwambie ubavu nautumia."

Akanyoosha mkono juu ya mabakuli, akaweka kidole cha shahada kwenye ncha ya pua yangu, akakiacha kidogo. Nami nikaweka changu kwenye yake.